Subiri Zege Likomae

Nyumba ya fundi cherehani,
chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa shemeji,

Salamu nyingi. Hujambo? Watoto wazima? Na mumeo, mwanyumba wangu, mguu unaendeleaje? Uliniambia ameanza kutembea bila fimbo, ila fimbo yenyewe kaificha nyuma ya mlango ili watu wasimwone akiirudia. Mwambie asione haya. Mgongo wangu mimi umezeeka kabla yangu, na sifichi.

Mama mkwe kifua kimepungua? Mpe shikamoo yangu. Najua bado ana kinyongo na mimi. Mpe hivyohivyo.

Sisi tupo. Nikisema wazima nitakuwa nakudanganya. Tunapumua.

Utashangaa barua, na simu ninayo. Ila kwenye simu unanishinda. Ukianza kulia mimi nasema ndiyo, ndiyo, sawa shemeji, halafu ukikata nakaa kitandani najiuliza nimekubali nini. Siku ile ilikuwa hivyo. Ulisema shule zikifunga unakuja kumchukua mwanangu Sisimizi akakae kwako, nikasema sawa. Sasa naomba unisikilize mpaka mwisho. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Sikatai. Nasema subiri. Nitakueleza kwa nini. Na kuna jambo jingine nitakuomba, zito kuliko hilo. Ukifika hapo uwe umekaa.

Begi ulilotuma limefika. Zuri, zipu zote zinafunga. Nimeliweka mlangoni.

Sasa mambo ya hapa. Ulikuja ukakaa na sisi siku za msiba, ukaona nyumba imejaa watu. Nyumba ikijaa watu haikuonyeshi kitu. Walipoondoka ndipo nilipoanza kula nimesimama. Sufuria mkononi, mgongo ukutani. Nimechoka, nani ananiona? Dirisha nikaacha kulifungua asubuhi, maana marehemu mdogo wako ndiye aliyekuwa analifungua. Nikawa nalala na buti. Fundi cherehani akinisalimia namjibu kwa kidevu. Vitu vidogo vyote. Hakuna hata kimoja ambacho ungekiona ukasema mtu huyu kaharibika.

Siku moja nageuka, mtoto anakula amesimama. Sahani mkononi, mgongo ukutani, palepale ninaposimama mimi. Usiku analala na sare ya shule na viatu. Mwalimu akaniita, akasema mwanangu akisalimiwa anatikisa kidevu. Shemeji, mimi sijamfundisha mtoto yule kitu. Elimu ya kufundisha mtu sina, unajua niliishia wapi. Lakini kumbe kila siku alikuwa darasani.

Baadaye akawa chakula anakigusa tu. Fundi cherehani akampunguza sare kiunoni, haikupita muda akapunguza tena. Aliniita chumbani kwake, mkanda wa kupimia shingoni, akafunga mlango. Akasema, "Baba Sisimizi, nguo za watoto huwa naachia. Hii ni mara yangu ya kwanza kubana sare ya mtoto anayekua." Nikatoka pale sina pa kuuweka uso.

Kazini bado nipo palepale kwenye matofali ya simenti. Mgongo umenitoa kwenye kuchanganya, sasa mimi ni wa maji. Nakokota mpira kutwa namwagilia matofali mabichi. Wenzangu wananiita Mvua. "Mvua, leo umechelewa!" "Mvua, nyesha na huku!" Nacheka nao. Ni kazi ya mgonjwa, lakini isipofanywa, tofali unaliona zuri, kona zake zimenyooka, ukiliinua linamwagika mkononi kama unga.

Fundi cherehani alipokwenda kumuuguza mama yake sikuwa na wa kumwachia Sisimizi. Akawa anakuja kazini akitoka shule. Anakaa juu ya mifuko mitupu, mikono mapajani, haongei. Bonge unamkumbuka, yule mchanganya zege mnene aliyeshika jeneza upande wa mbele. Kila siku alikuwa anamchokoza.

"Sisimizi, leo umebeba nini?"

Mtoto anatikisa kidevu.

"Sisimizi wenzako wanabeba sukari. Wewe umebeba uso tu, tena mzito."

Hata kutabasamu hakutabasamu. Siku moja ndiyo akafungua mdomo, akaniuliza mimi.

"Baba, mbona unayanywesha?"

"Yasipasuke."

"Yana kiu?"

"Yana kiu siku za mwanzo. Ukiyaacha yanapasuka."

Basi. Mimi si mtu wa maneno mengi, nikaendelea na mpira wangu.

Haikupita wiki, hakutokea kazini. Nikangoja. Nikatupa mpira chini maji yakaendelea kumwagika, nikakimbia na buti zangu hadi shuleni. Mlango umefungwa. Mama mmoja anayeuza karanga pale nje akaniambia, "Yule mwembamba mwenye chupa? Huwa anapita huku, anaelekea makaburini." Huwa. Maana yake si mara ya kwanza.

Nikamkuta amechuchumaa juu ya zege la mama yake na chupa ya maji. Anamwaga kidogo kidogo, anaanza pembeni anakuja katikati, kama ninavyofanya mimi. Mlinzi wa makaburi akaja nyuma yangu. "Huyu wako? Kila siku yupo. Ananiomba maji ya bomba, nampa. Mimi nilijua katumwa."

Nikamwuliza mwanangu anafanya nini. Hakugeuka.

"Ya watu unayamwagilia," akasema. "La mama humwagilii."

Shemeji, nilikaa chini pale kwenye majani.

Lile zege unalijua, ulikuwepo. Tulilimwaga mimi na Bonge na wenzetu wa kazini, tukalisawazisha kwa ubao, sote tukasema limetoka kama meza. Kesho yake nilitakiwa nirudi na ndoo. Hata kibarua aliyeanza kazi leo anajua hilo. Miguu ikakataa. Nikisema nakwenda najikuta nimeshika njia nyingine. Jua likalipata bichi, likapasuka kuanzia kichwani hadi karibu na miguuni. Mlipokuja mara ya pili mama mkwe akaliona, nawe ulikuwa umemshika mkono. "Kaburi la mwanangu limekushinda, mtoto ndiyo utamweza?" Sikumjibu siku ile. Leo pia jibu sina.

Basi tangu siku ya ile chupa tukawa tunakwenda wote. Natoka kazini nampitia, tunachota kwa mlinzi, mimi ndoo yeye chupa. Nikajua ni kumridhisha tu mtoto. Sikupanga kingine. Ila akasema mama hapendi matope, hivyo buti nikawa nazivua langoni naingia peku. Baada ya siku chache nikajikuta nazivua na mlangoni kwetu bila kufikiri, mikono imeshazoea. Tukimaliza kumwagilia nachoka, nakaa pembeni na kipande cha mkate. Na yeye anakaa. Akikaa, anakula. Mlinzi naye ana maneno yule mtu, akikusalimia usipomjibu anaanza upya kutoka habari za asubuhi, kwa hiyo unamjibu upumzike. Sisimizi akaanza kumjibu. Kwa mdomo.

Asubuhi moja naamka, dirisha liko wazi. Sikulifungua mimi.

Usidhani nakuuzia maneno. Fundi cherehani aliporudi amefumua mshono mmoja wa ile sare, kiuno kimeanza kubana. Mpigie umwulize, huyo hajui kumpendelea mtu.

Nywele nimejaribu. Ananifundisha huyohuyo, kwa nyuzi alizofunga kwenye kitasa. Kitasa nimekiweza. Kichwani bado. Sisimizi anasema namfanya kama ufagio.

Sasa shida yenyewe, na ndiyo iliyonikalisha na kalamu leo.

Mtoto alikuwa anaungoja ufa ufunge. Kila siku akimaliza kumwaga anaweka kidole pale, anapima. Akaniuliza, "Baba, utafunga lini?" Nikamwambia tuendelee. Shemeji, mimi kazi yangu ni hiyo, najua ufa haufungi. Bonge akanivuta pembeni. "Mvua, mwambie mtoto ukweli. Zege likishakauka, hata ulilaze mtoni halinywi tena." Nikamwambia nyamaza, anakula. Akarudi kwenye koleo lake. Bonge akiondoka bila utani ujue jambo limemwingia.

Mvua za juzijuzi zikatushika. Maji yakaingia chini, ufa ukapanuka. Kilikuwa kinaingia kidole chake kidogo, sasa kinaingia gumba. Siku hiyo hakula. Kesho yake hakula. Nikambembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Mwisho akasema.

"Ni mimi. Siku nyingine namwaga mengi upande mmoja."

Nikasema si wewe.

"Ni mimi. Ndiyo maana mama mkubwa anakuja kunichukua."

Kumbe siku ile ya simu alikuwa macho.

Hapo nikaona nikikaa kimya nammaliza. Nikamweleza yote, tumekaa kitandani. Kwamba maji yale yalitakiwa siku za mwanzo. Kwamba yeye alikuja limeshakauka, hana kosa hata la tone moja.

"Nani alitakiwa?"

"Mimi."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alilala akanigeuzia mgongo, na viatu miguuni. Siku mbili hakunisemesha. Makaburini hakwenda. Dirisha halikufunguliwa. Nilimwona amesimama pale ukutani na sahani, chakula hakigusi. Kila tulichopandisha kidogo kidogo kikarudi chini kwa mara moja, kama toroli umeiachia mteremkoni imejaa. Nilikaa natazama begi lako mlangoni. Nikawaza, shemeji atakuja, nitamkabidhi mtoto akiwa hivi, mtoto ataondoka akijua kwamba yeye ndiye aliyempasua mama yake au baba yake ndiye. Hakuna la tatu. Na nani huko kwako atamtoa hilo kichwani? Wewe unampenda, najua. Lakini hilo halitoki kwa kupendwa.

Jana akatokea kazini mwenyewe. Hakuja kwangu. Alikwenda akasimama mbele ya Bonge.

"Mjomba, zege linavunjwaje?"

"Kwa nyundo na hasira."

"Halafu?"

"Halafu unamwaga jingine."

"La mama linaruhusiwa?"

Bonge akanitazama mimi. Nyundo aliyokuwa ameshika aliiweka chini kabisa. Nikasema, linaruhusiwa wa kwao mama wakikubali.

"Si uwaulize," akasema mwanangu.

Ndiyo nauliza.

Hili ndilo jambo zito nililokuambia. Naomba ruhusa yako na ya mama mkwe tulivunje lile zege tumwage jingine. Najua kugusa kaburi si kitu cha kusema hivihivi. Udongo hatuugusi. Tunatoa zege la juu tu, tunasawazisha, tunamwaga. Mlinzi nimeshamwona, amesema yeye hana neno ila lazima asikie kutoka kwa ndugu wa marehemu, si kwangu. Ana haki. Bonge na wenzangu wamekubali. Hata msimamizi, yule ambaye kucheka kwake ni kama anang'olewa jino, amesema nichukue mchanga na kokoto zilizobaki.

Na safari hii nitakuwepo. Asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, na magunia yaliyoloweshwa juu yake mchana, jua lisilipate. Sisimizi atakuwepo. Jana hiyohiyo, nilipomwambia nitaandika, alikula. Si sana. Alikaa chini akala.

Ombi la pili ndilo lile la kwanza. Usimchukue mpaka zege likomae. Linataka kama mwezi hivi, litapita kidogo siku ya shule kufungwa. Ukimchukua katikati atakuwa ameliacha la mama yake lina kiu. Mimi najua hilo linamfanya mtu nini. Nimelibeba mimi, nina mgongo wa kibarua, na bado limenilaza. Yeye ana mabega kama ya ndege.

Likishakomaa, njoo. Njoo na mama mkwe. Pitisha mkono juu ya zege, kila mahali, chuchumaa utazame. Kisha rudi nyumbani ukae na sisi ule, umtazame mtoto anavyokula, umsalimie usikie anavyojibu. Ukikuta ufa, hata mwembamba kama unywele, kwenye zege au kwake, mchukue. Begi nitalibeba mwenyewe hadi kituoni. Sitatia neno.

Sina kingine cha kukupa shemeji. Ningekuwa mtu wa maneno ningekuambia nimebadilika. Sijabadilika. Mimi ni yuleyule, asubuhi nikiamka mguu bado unataka kuingia kwenye buti kabla sijafungua dirisha. Nalifungua. Kesho nalifungua tena. Ndiyo yote niliyo nayo, na ukimwondoa yeye sioni nitalifungua kwa ajili ya nani.

Mama mkwe msomee barua. Ile sehemu ya kidole iruke, kifua chake hakitaistahimili. Sehemu yake mwenyewe usiiruke. Mwambie sikuiandika kwa kumsuta. Mwambie alisema kweli, na ninamwomba nafasi ya kumjibu kwa mkono, maana kwa mdomo siwezi.

Ukishaamua nipigie. Neno moja tu, vunja au acha. Ila usilie, nakuomba. Ukilia nitakubali kitu kingine.

Wasalimie nyumbani kwako wote. Mwanyumba mwambie mguu aukanyagishe kila siku, hata kutoka kitandani hadi mlangoni, na fimbo aiweke mbele ya watu. Yule mkubwa wako mpenda ubishi mwambie namsubiri, ubishi wetu haujaisha. Mapacha wabusu. Mama mkwe mpe shikamoo yangu ya pili. Fundi cherehani anakusalimia, na Bonge pia, anasema unamdai kicheko. Sisimizi anasema shikamoo mama mkubwa. Amesema kwa mdomo.

Mungu awalinde huko, awape usingizi usiokatika, na mdogo wako amlaze pema.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukuogopa,

Baba Sisimizi

Shemeji, nilikuwa nimeshamaliza. Nimekwenda kusogeza begi lako nifagie, nikasikia kitu kinagonga ndani. Nikafungua. Hamna nguo hata moja. Ameweka ile chupa tu, imejaa maji, kifuniko amekikaza. Nikamwuliza ya nini. Akasema mama mkubwa akija mapema, atakuwa anamwaga chini hukohuko kwako kila jioni, pole pole yatafika.

Mjibu wewe.